Dirisha la Bibi Harusi: Hewa, Mwanga na Sitara katika Nyumba za Visiwani



Nyumba inayotayarishwa kwa ajili ya harusi hapa visiwani ina zamu zake. Inaanza rangi, inafuata sakafu, kisha kitanda na kabati, na mapazia huja mwisho kabisa. Siku hizi imeongezeka zamu moja kubwa kuliko zote hizo, nayo ni kung'oa madirisha ya mbao na kutia ya alminiamu na kioo. Bwana harusi akitaka wakwe wajue kwamba amejipanga, anaanza na madirisha. Hatumlaumu. Mbao zilizoliwa na mchwa hazina heshima yoyote, na dirisha lisilofungika usiku wa mvua linachosha.

Ila kuna jambo ambalo mama zetu walilijua bila kuambiwa, na sisi tunalisahau tukifika dukani kuchagua rangi ya kioo. Dirisha la zamani lilifanya kazi tatu kwa pamoja: liliingiza hewa, liliingiza mwanga, na lilimsitiri aliye ndani. Hili jipya linafanya moja vizuri sana, nayo ni mwanga. Hizo mbili nyingine utazilipia mwenyewe baadaye, kwa pazia zito, kwa feni na kwa umeme, usipoziulizia mapema. Na mara nyingi atakayekaa ndani ya nyumba hiyo mchana kutwa ni wewe, wala si yule aliyechagua madirisha.

Tuanze na majina yenyewe, maana yanatuambia mengi. Neno dirisha tumelipata kwa Waajemi, na kwao asili yake ni mlango mdogo, kijilango. Shubaka ni la Kiarabu. Waarabu wanaposema shubbak wanakusudia dirisha, na shina la neno hilo ni la kusukana, kama wavu unavyosukana, kwa sababu dirisha lao lilikuwa na vijiti vilivyopishana. Lilipofika kwetu likageuka. Shubaka kwetu ni ule uwazi ulioachwa ukutani usiotoboka upande wa pili, unaoweka taa au msahafu. Roshani nayo ni ya Kiajemi na inatokana na neno la mwanga. Waliokwenda kuhiji wakapita Jeddah ya zamani wameziona roshani za kule, masanduku makubwa ya mbao yaliyotokeza nje ya ukuta, yamechongwa matundu matundu. Aliye ndani anaona njia yote, na mpita njia haoni hata kivuli chake. Kwetu roshani ikawa ni kibaraza cha ghorofani, lakini wazo ni lile lile, mwanamke akae penye upepo na asionekane.

Pale ambapo watu waliona hata roshani ni nyingi mno, walijenga bila madirisha ya nje. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 ni mfano mzuri. Kwa upande wa mtaani unakuta ukuta mtupu na mlango wenye daka lake. Mwanga wote unatoka kwenye kiwanda, ule ua wa katikati usioezekwa. Kutoka hapo unapita msana wa kwanza, kisha msana wa pili, ndipo unafika ndani. Kadiri unavyosogea ndivyo giza linavyoongezeka, na ndivyo mapambo yanavyoongezeka. Zile zidaka za chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu, zilizopangwa sahani na vikombe vya kigeni, ziko huko mwisho, mahali ambapo mgeni wa mlangoni hafiki. Huko ndiko mambo ya wanawake yalikofanyika, ya uzazi na ya harusi. Kuna kitu tunakipenda sana hapo: pambo bora la nyumba halikuwekwa pa kuonwa na mtaa.

Na kwa kuwa mwanamke naye alitaka kumtembelea dada yake, zikajengwa wikio, yaani vyumba au vipito vinavyovuka juu ya njia kutoka nyumba moja hadi ya pili. Unguja napo hili lilikuwepo, na kwa kiwango cha kifalme. Beit al-Ajaib ilipojengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash, iliunganishwa na majumba ya jirani, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, kwa vipito vya juu, ili wanawake wa kasri waende na kurudi bila kushuka njiani. Beit al-Hukm haipo tena. Ilibomolewa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na vipito vikaondoka nayo.

Mji Mkongwe wenyewe ulikua kwa kasi baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, kati ya miaka ya 1832 na 1840. Nyumba za Waomani zilikuwa za kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, nusu mita na zaidi. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Chini, upande wa njia, madirisha yalikuwa machache na madogo, tena ya juu. Makubwa yalikuwa ghorofani na upande wa ua. Baadaye wafanyabiashara wa Kihindi wakaleta sura yao: duka chini, makazi juu, roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, na vioo vya rangi vilivyopachikwa juu ya milango na madirisha. Anayetaka kuona kazi hiyo katika ubora wake aende pale Mizingani, pwani, kwenye lile jengo la zahanati ya zamani lililoanzishwa na Tharia Topan na kumalizika mwaka 1894. Jua la asubuhi likipita kwenye vioo vile, sakafu inakuwa na rangi za kanga. Sayyid Barghash naye, ambaye aliwahi kuishi uhamishoni Bombay, alirudi na macho yaliyozoea majengo ya kule, na majumba yake yanaonyesha hivyo.

Hatuwezi kuzungumza madirisha ya Unguja tukamruka Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia kuwa nyumba yake ya mjini ilipakana na ya Mjerumani Heinrich Ruete, na kwamba akiwa kwake aliweza kuona karamu zilizofanywa upande wa pili. Mwaka 1866 aliondoka kisiwani kwa meli ya Waingereza, akawa Emily Ruete. Kila msomaji ana hukumu yake juu ya kisa hicho, nasi hatuifungui hapa. Tunachosema ni kwamba katika mji wa njia nyembamba, dirisha si jambo dogo. Nyumba mbili zinazotazamana hazitenganishwi na ukuta, zinatenganishwa na adabu.

Na adabu hiyo haikuanza visiwani. Wengi mnaijua hadithi ya Sahl bin Saad, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Mtume alikemea vikali, akabainisha kwamba kuomba ruhusa kabla ya kuingia kumewekwa kwa sababu ya jicho. Maana yake ni kuwa mguu ukibaki nje na jicho likaingia, umeshaingia. Suratun-Nur, aya ya 58, inataja nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi wa nyumbani hubisha hodi: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Isha. Ziwekeni akilini nyakati hizo tatu. Tutazirudia tukifika kwenye kioo.

Waliofuata wakaligeuza hilo kuwa kanuni za ujenzi. Ibn Abdil-Hakam, aliyeandika historia ya kufunguliwa Misri, ameisimulia habari ya Kharija bin Hudhafa, aliyejenga chumba cha juu katika mji mpya wa Fustat. Habari zikamfikia Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, akamwandikia Amr bin al-Aas. Akamwagiza aweke kitanda mle chumbani, amsimamishe juu yake mtu asiye mrefu wala mfupi. Akiweza kuchungulia kwenye madirisha, chumba kibomolewe. Angalieni jinsi jambo lilivyopimwa. Hakuuliza nia ya mwenye nyumba wala uchaji wake. Aliuliza urefu wa dirisha kutoka chini.

Karne nyingi baadaye, dola ya Uthmaniya ilipoandika sheria zake katika Majalla, kati ya mwaka 1869 na 1876, kipimo kilikuwa hicho hicho. Dirisha jipya likiona sehemu za wanawake katika nyumba ya jirani, na zikatajwa kwa majina, yaani jiko, kisima na ua, hayo yalihesabiwa madhara makubwa na mwenyewe alilazimishwa kuyaondoa. Si lazima azibe dirisha, alitosha kuweka ukuta au kiunzi cha mbao cha kuzuia jicho. Na dirisha likiwa juu kuliko kimo cha mtu, jirani hana dai, hata akisema huenda mtu akaegemeza ngazi. Majalla ni ya Waturuki na ya madhehebu ya Hanafi, haikuwa sheria ya Waibadhi na Mashafii wa Unguja. Lakini ukiangalia yale madirisha madogo ya juu katika nyumba zetu za zamani, utaona fundi na kadhi walisoma chuo kimoja.

Sasa tulitazame lile dirisha la mbao lenyewe, maana watu wanaling'oa bila kujua walichokuwa nacho. Madirisha mengi marefu ya Mji Mkongwe yana mabawa manne, mawili juu na mawili chini. Ukifunga ya chini na kufungua ya juu, joto linatoka, upepo unaingia, na wewe uliye ndani umejitandaza na khanga moja hakuna anayekuona. Ukikaa kwenye mkeka mchana, unafungua ya chini upepo ukupitie. Vile vijibao vilivyolazwa mshazari vinaruhusu hewa hata dirisha likiwa limefungwa kwa komeo, na kwa kuwa vinainamia nje, mvua haiingii. Nondo zipo kwa ajili ya mwizi. Ukuta nao, kwa unene wake, unalipa dirisha kivuli, kwa sababu fremu imekaa ndani na jua la saa sita linaishia ukingoni. Hakuna kioo hata kimoja katika maelezo haya, na nyumba ilikaa hivyo kaskazi na kusi.

Kioo kilipoenea kwa watu wa kawaida kilikuja kwanza kama luva, vile vipande vinavyofunguka kwa mkono wa chuma. Tunazikumbuka kwa vumbi lake. Hata hivyo luva ilikuwa na haki moja, ikifunguka inafunguka yote. Nyumba za matofali ya saruji zilizojengwa Ng'ambo na mashamba baada ya Mapinduzi ya 1964 zilikuwa na kuta nyembamba, kwa hiyo kile kivuli cha ukuta kilishapotea kabla ya alminiamu kufika.

Basi, bibi harusi au mama mwenye nyumba, ukiambiwa madirisha yanabadilishwa, tarajia nini?

Kwanza hewa. Dirisha la kusukuma lenye vioo viwili halifunguki zaidi ya nusu, kwa sababu kioo kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Nusu ya upepo uliouzoea imekwenda, na wavu wa mbu unapunguza tena. Dirisha la alminiamu la bawaba, linalofunguka kama mlango, linarudisha nafasi yote. Wengi hawaambiwi kuwa lipo, ama wanaambiwa ni ghali bila kupewa bei. Ulizia bei. Kwa chumba cha kulala na jiko tungelipendelea hilo, na la kusukuma libaki ukumbini. Ulizia pia kama juu ya fremu panaweza kuachwa tundu za hewa, kama zilivyokuwa nyumba za zamani.

Ukuta wa zamani una habari yake. Nafasi ya dirisha katika nyumba ya matumbawe haiko sawa pembe zote, na fundi anayepima mara moja tu, akaandika, akaondoka, atakuletea fremu isiyoingia. Upana unapimwa juu, kati na chini, na kinachofuatwa ni kipimo kidogo kabisa. Juu ya dirisha mara nyingi kuna mbao au boriti zinazobeba mawe, nazo zinaweza kuwa zimeoza bila kuonekana. Fremu ya zamani ikivutwa ghafla, mawe yanaweza kushuka, kwa hiyo mirunda ya kushikilia iwekwe kabla ya kazi kuanza. Na pale pembeni patakapozibwa, mwashi azibe kwa chokaa. Saruji juu ya ukuta wa chokaa inazuia unyevu kutoka, baada ya muda rangi inavimba na plasta inabanduka, na watu wanasema nyumba ina pepo. Haina pepo, ina saruji.

Kama nyumba iko ndani ya eneo la hifadhi la Mji Mkongwe, ambao uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, huwezi kubadilisha sura ya nje bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwenye nyumba aende kabla ya kulipa malipo ya kwanza. Ukiwa na fundi seremala mzuri, dirisha lililoonekana limekufa mara nyingi linahitaji ubao mmoja wa chini na bawaba mpya, na gharama inaweza kukushangaza kwa udogo.

Kwa nyumba ya karibu na bahari, chunguza misumari. Skrubu ya chuma cha kawaida kwenye alminiamu, ikipata hewa ya chumvi, inaoza haraka na kuiharibu alminiamu iliyoizunguka. Dai skrubu za chuma kisichoshika kutu. Na reli ya chini iwe na vitundu vya kutolea maji upande wa nje, vinginevyo masika ya kwanza utatandika mataulo. Ukiweka nondo, acha dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo za kufunguka kwa ndani, kwa ajili ya moto, Allah atuepushe.

Siku za kazi nazo zina adabu zake. Mafundi watakuwa vyumbani, na nafasi ya dirisha inaweza kubaki wazi usiku mmoja au zaidi. Pangeni chumba baada ya chumba, wala isiwe nyumba nzima kwa siku moja, na awepo mume, baba au kaka. Khanga mbili zilizoshonwa pamoja na misumari minne zinafunga tundu la dirisha vizuri kabisa, bibi zetu wamefanya hivyo miaka.

Tumebaki na kioo. Kinachouzwa sana ni kile cha giza au chenye mng'ao, na muuzaji anakuhakikishia kuwa wewe unaona nje na wa nje hakuoni. Mchana ni kweli. Kioo hicho kinamficha aliye upande wa giza na kumfichua aliye upande wa mwanga, na mchana mwanga uko nje. Jua likizama mambo yanageuka. Umewasha taa, njia imekuwa giza, na sasa ni wewe uliye upande wa mwanga. Unajitazama kwenye kioo kama mbele ya meza ya vipodozi, ukidhani hakuna anayeona, na mtu aliyesimama kwenye baraza ya jirani anakuona wewe na kitanda chako. Hiyo ni baada ya Isha na kabla ya alfajiri, zile nyakati mbili kati ya tatu tulizotaja. Tunawajua mabibi harusi walioingia nyumba mpya bila pazia zito kwa kuamini maneno ya dukani, wakajua ukweli kwa shoga aliyepita njiani usiku.

Kwa dirisha linalotazamana na watu, omba kioo cha ukungu, kile kinachopitisha mwanga bila sura, angalau kwenye nusu ya chini hadi juu ya kimo cha mtu, na juu kiwe cheupe. Ni yale mabawa manne ya zamani, kwa kioo. Wengine wameweka vijibao vya mbao nje ya dirisha la alminiamu, vya mshazari, wakapata vyote viwili, na tunaona umependeza sana mtindo huo kuliko kioo cha bluu.

Na malipo ya mwisho yasitolewe mchana. Subirini Isha, washeni taa za chumba, aketi mdogo wenu kitandani na kitabu, kisha mtoke nje nyinyi wawili na mtembee mtaa mzima mkilitazama dirisha, kutoka njiani, kutoka barazani, na mkiruhusiwa kutoka kwenye ghorofa ya jirani. Mkimwona anafungua kurasa, fundi bado hajamaliza.